Mali Bila Daftari, na Daftari Lisiloulizwa

Mada kwa wakazi wa kata kuhusu ukaguzi wa hesabu za huduma zilizoandikwa katika kompyuta



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilinenwa zama za karatasi na kalamu, na hadi leo halijachakaa. Hata hivyo, siku hizi daftari lenyewe limehamia katika kompyuta. Michango ya ujenzi wa madarasa, malipo ya maji, orodha za kaya na namba za simu za wanachama wa vikundi huandikwa katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, kama lile la Excel, lenye visanduku vingi viitwavyo seli. Humo mali huweza kuwa na daftari, daftari likapendeza machoni, na bado fedha ikapotea bila habari. Sababu mojawapo ni kwamba si kila kinachoonekana kuwa namba ni namba.

Chukuliwe mfano wa kamati ya maji ya kijiji. Kaya kumi zimelipa shilingi 5,000 kila moja kwa mwezi mmoja. Hata mtoto wa shule ya msingi atasema jumla ni shilingi 50,000. Katibu ameyaandika malipo hayo katika seli kumi, kuanzia C2 hadi C11, kisha chini yake akaandika fomula ya kujumlisha, =SUM(C2:C11). Kompyuta inatoa jibu la 35,000.

Risiti zinasema hamsini elfu, jedwali linasema thelathini na tano elfu. Taarifa hiyo ikisomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, mweka hazina mwaminifu huanza kunyooshewa vidole kwa shilingi 15,000 ambazo hakuzigusa. Na kama si mwaminifu, amepata maficho: atakabidhi 35,000, jedwali litamtetea, na kaya tatu zilizolipa zitahesabiwa kuwa na deni. Kwa vyovyote vile, mwananchi ndiye anayeumia.

Kilichotokea ni hiki. Katika seli moja, katibu aliandika 5000/= kama ilivyozoeleka kwenye risiti. Katika nyingine, badala ya sifuri, alibonyeza herufi O mara tatu. Katika ya tatu aliandika tarakimu sahihi, lakini seli hiyo ilikuwa imepangwa tangu awali kupokea maandishi. Kwa jicho la binadamu, zote tatu ni elfu tano. Kwa kompyuta, zote tatu ni maandishi, sawa na jina la mtu au la kitongoji. Fomula ya SUM inapopita juu ya seli na kukuta maandishi, huyaruka kimyakimya. Haitoi onyo lolote, wala haiandiki kwamba kuna seli tatu iliyoziacha.

Dawa yake ni kuiuliza kila seli imebeba nini, kabla ya kuuliza fedha iko wapi. Jedwali limepewa fomula za kazi hiyo, nazo ni fupi. Katika safu tupu iliyo kando, mkaguzi huandika =ISNUMBER(C2), maana yake: je, kilichomo C2 ni namba? Kompyuta hujibu TRUE ikiwa ni kweli, na FALSE ikiwa si kweli. Fomula hiyo ikishaandikwa mara moja, huvutwa kwenda chini hadi mstari wa mwisho, na kila kaya hupata jibu lake. Katika mfano huu yatatokea majibu saba ya TRUE na matatu ya FALSE, na kosa litajulikana liko mstari gani.

Ndugu zake ni =ISTEXT(C2), inayouliza kama seli ina maandishi; =ISBLANK(C2), inayouliza kama seli ni tupu kabisa; na =ISERROR(C2), inayouliza kama seli imebeba ujumbe wa kosa. Ipo pia =TYPE(C2), ambayo hujibu kwa tarakimu: 1 kwa namba, 2 kwa maandishi, 4 kwa jibu la kweli au si kweli, na 16 kwa kosa. Anayeitumia hii ya mwisho azingatie kwamba seli tupu nayo hujibiwa 1, kana kwamba ina namba. Kwa hiyo utupu huulizwa kwa ISBLANK.

Orodha ikiwa ndefu, yenye mamia ya kaya, njia ya mkato ni kuandika =COUNTA(C2:C11)-COUNT(C2:C11). Sehemu ya kwanza huhesabu seli zote zilizoandikwa kitu. Ya pili huhesabu zile zenye namba peke yake. Tofauti yake inapaswa kuwa 0. Katika mfano wa kamati ya maji jibu litakuwa 3, na hapo ndipo mkaguzi anapojua kwamba jumla iliyoandikwa chini haifai kusomwa mbele ya watu.

Kusahihisha nako kuna adabu yake. Wengi huchagua safu nzima na kuibadilisha mpangilio iwe ya namba, wakadhani wamemaliza. Mpangilio hubadilika, lakini maandishi yaliyokwisha kuandikwa hubaki maandishi. Tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi hugeuzwa namba kwa fomula ya VALUE, au kwa kuandikwa upya. Yale ya 5000/= na ya herufi O hayana njia ya mkato kama hiyo; huandikwa upya kwa mkono, risiti ikiwa mezani. Kosa la jedwali husahihishwa kwa ushahidi, halisahihishwi kwa kukisia.

Upo upande wa pili wa jambo hili, na madhara yake huwa makubwa zaidi. Kuna vitu vyenye sura ya namba ambavyo havipaswi kuwa namba. Namba ya simu inayoanza na 0, ikiandikwa katika seli ya kawaida, hupoteza sifuri yake ya mwanzo, kwa kuwa kwa kompyuta sifuri iliyotangulia haina thamani. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na Excel huweza kutunza tarakimu 15 tu katika namba moja. Ikiandikwa mfululizo bila vistari katika seli ya namba, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Hivyo watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kujikuta wana namba moja katika orodha, na mmoja akafutwa kwa kudhaniwa amejiandikisha mara mbili. Tarakimu zilizopotea namna hiyo haziwezi kurudishwa na fomula yoyote. Itabidi mhusika aitwe tena na kitambulisho chake.

Kwa safu kama hizo, swali hugeuzwa: =ISTEXT(B2) ndiyo inayopaswa kujibu TRUE kwa kila mtu. Urefu nao hupimwa kwa =LEN(B2), ambayo hutoa 20 kwa namba ya kitambulisho iliyoandikwa bila vistari, na 10 kwa namba ya simu inayoanza na 0. Kinga ni kuipanga safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika jina la kwanza.

Wala jambo hili si aibu ya katibu wa kijiji peke yake. Wanasayansi wa jeni duniani walisumbuliwa nalo kwa miaka mingi. Jeni iliyoitwa SEPT1 ikiandikwa katika Excel iligeuzwa kuwa tarehe ya Septemba, na MARCH1 ikawa tarehe ya Machi. Mwaka 2020, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliozingatia tatizo hilo, na majina hayo yakabadilishwa kuwa SEPTIN1 na MARCHF1. Wataalamu hao walilazimika kubadili majina kwa sababu ya tabia ya jedwali. Katibu wa kamati ya maji anahitaji kubadili kidogo tu: azoee kukagua.

Tarehe zinastahili tahadhari ya pekee. Ndani ya jedwali, tarehe ni namba ya siku zilizohesabiwa kuanzia mwaka 1900. Tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Hivyo tarehe halisi hujibiwa TRUE na ISNUMBER. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Ikiandikiwa 25/12/2024, haioni mwezi wa 25, nayo huiacha kuwa maandishi. Ikiandikiwa 3/4/2024 kwa maana ya tarehe 3 Aprili, huipokea bila kinyongo kuwa tarehe 4 Machi. Ya kwanza itakamatwa na ISNUMBER. Ya pili itapita. Kwa hiyo, katika safu ya tarehe, FALSE moja ni sababu ya kuzitazama tarehe zote.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa fomula hizi. Zinaeleza aina ya kitu kilichomo katika seli. Hazielezi kama kitu hicho ni cha kweli. Mtu akiandika 500 badala ya 5000, ISNUMBER itajibu TRUE bila wasiwasi. Vivyo hivyo, seli tupu na seli yenye 0 si kitu kimoja: ya kwanza husema mita haijasomwa, ya pili husema mita imesomwa na maji hayakutumika. Fomula ya wastani, AVERAGE, huiacha seli tupu lakini huihesabu sifuri. Kujaza sifuri mahali ambapo msomaji mita hakufika ni kuandika habari isiyojulikana kana kwamba inajulikana.

Mkazi asiye na kompyuta anayo nafasi yake katika ukaguzi huu. Taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, aulize mambo matatu. Je, seli zote za fedha zimekaguliwa kuwa ni namba? Je, idadi ya kaya zilizoandikwa ni sawa na idadi ya malipo yaliyojumlishwa? Je, jumla ya jedwali imelinganishwa na jumla ya risiti? Katibu aliyejiandaa atajibu yote matatu kwa dakika chache, na jibu lake litamlinda yeye kwanza. Asiyeweza kujibu apewe muda akakague, asihukumiwe papo hapo, kwani katika mfano wa kamati ya maji, shilingi 15,000 hazikuwa mfukoni mwa mtu. Zilikuwa ndani ya jedwali, katika seli tatu ambazo hakuna aliyekuwa ameziuliza.