Shajara Iliyowashinda Walinzi



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwafaa sana wenye maduka, lakini leo twaileta mbele yenu kwa ajili ya mali nyingine, nayo ni kumbukumbu ya taifa. Tumekuja kuzungumza juu ya mtu aliyeiwekea mali hiyo daftari: Gakaara wa Wanjau, mwandishi, mchapishaji na mwanahistoria wa Nyeri, aliyefariki mwaka 2001.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu, mwana wa mchungaji wa misheni ya Waskoti. Alisoma katika shule ya misheni, kisha Alliance, ambako alifukuzwa mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi. Aliingia jeshi la Mfalme wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 alitoa kitabu chake cha kwanza kwa Kikuyu, Uhoro wa Ugurani, kilichohusu mambo ya uchumba na ndoa, na pamoja na wenzake akaanzisha kampuni ya waandishi Waafrika. Tulizingatie jambo hilo. Katika zama hizo vitabu vingi vya lugha zetu vilitoka mikononi mwa misheni na serikali. Mwafrika aliruhusiwa kusoma. Kuamua kitakachochapishwa hakukuwa kwake. Gakaara aliyakataa mapatano hayo.

Hakuandika kwa Kikuyu peke yake. Kijitabu chake Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika alikiandika kwa Kiswahili, ili neno lake livuke mipaka ya kabila. Mwaka 1952 alichukua umbo la Imani ya Mitume, lile ambalo watoto wa misheni walilikariri, akalitumia kutungia ungamo la imani la Gikuyu na Mumbi. Wako waumini walioudhika, nasi hatuwalaumu. Lakini kanisa na lijiulize: kwa nini mwana wa mchungaji hakusikia kilio cha ardhi katika mahubiri ya misheni, hata ikambidi alitie mwenyewe katika maneno ya sala?

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipoanza, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Hakuonana na uhuru kwa takriban miaka minane. Alihamishwa kutoka kambi hadi kambi: Kajiado, kisiwa cha Manda karibu na Lamu, Athi River. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini. Na katika hali hiyo mtu huyu aliandika shajara kwa siri: nani kafika, nani kaugua, chakula gani kimetolewa, ofisa gani kasema nini. Haya ni mambo madogo, ndugu zetu. Lakini dhuluma hukaa katika mambo madogo, na mdhalimu hutumaini kwamba hakuna atakayeyahesabu.

Hatupendi kumpamba Gakaara kuliko alivyokuwa. Huko Athi River alikiri habari za kiapo, akapewa kazi ya uandishi katika mpango wa serikali wa kuwageuza wafungwa nia. Wako wanaomshutumu kwa hilo. Sisi tunaowajua watu walioletwa mahakamani katika miaka ya 1986 na 1987, wakakiri mashtaka ya Mwakenya baada ya kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, tutaogopa kuhukumu upesi. Mwili una mwisho wa kustahimili. Tunachokipima ni kile alichokifanya mtu mlango ulipofunguliwa, na Gakaara aliichapisha shajara.

Ilitoka mwaka 1983 kwa jina Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Ulimwengu ulimtunza. Nyumbani, mwaka 1986, serikali ya Kenya huru ilimkamata kwa kumshuku kuhusika na Mwakenya. Mzee wa miaka sitini na mitano, aliyefungwa na Mwingereza kwa ajili ya uhuru, alijikuta akihojiwa na watu waliokalia viti vilivyopatikana kwa uhuru huo. Bendera ilikuwa imebadilika. Hofu ya kalamu haikubadilika.

Waumini mnakikumbuka kitabu cha Yeremia, sura ya 36. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo kwa kisu cha mwandishi, akalitupa motoni, nalo likaandikwa upya kwa mkono wa Baruku. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 maofisa wa kikoloni nao walichoma majalada mengi, na mengine wakayasafirisha Uingereza. Mwaka 2011, kwa sababu ya kesi ya wazee wetu jijini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ikatamka masikitiko yake. Sisi wenyewe tulichelewa: marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni iliondolewa nchini Kenya mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru.

Basi tujiulize wenyewe. Kipengele cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakidai wana wao, wakapigwa, kisha wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Nani ameandika siku zao, moja baada ya moja: nani alileta uji, nani aliomba usiku, nani hakurudi kwake akiwa mzima? Wengi wao wamekwisha kutuacha. Kila mazishi tunayohudhuria ni gombo jingine motoni, na safari hii hakuna mfalme wa kulaumiwa ila uvivu wetu.

Twaomba kila usharika na kila kikundi kiteue watu wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika, nao waende kwa wazee kabla ya mwaka kwisha. Waandike kwa lugha ya mzee mwenyewe. Waandike na aibu, si ushujaa peke yake. Nakala moja ikae kanisani, nyingine mbali na hapo, kwa maana tunazijua serikali.

Gakaara aliandika chini ya macho ya walinzi. Sisi hatuna mlinzi mlangoni. Tuna udhuru gani?

Mungu aibariki Kenya.