Shule ya Wasichana ya Mbweni

Maneno yaliyonenwa katika Sikukuu ya Jubilii



Katika sikukuu kama hii desturi yetu ni kuwataja maaskofu, na ndiyo haki. Walakini mimi nimeombwa kunena habari za shule, nami nimechagua shule ya wasichana ya Mbweni, kwa kuwa habari za ndugu zao wa Kiungani zimekwisha simuliwa mara nyingi.

Mbweni ni shamba la pwani, kusini ya mji wa Unguja. Askofu Tozer alilinunua mwaka 1871. Miaka miwili baadaye Sultani Barghash alitia mkono mapatano ya kufunga soko la watumwa. Lakini biashara ile haikufa siku moja. Manowari za Kiingereza zikaendelea kukamata majahazi, na wengi walioteremshwa humo wakaletwa kwa Misioni. Wakubwa walipewa mahali pa kujenga na kulima. Watoto wa kike wakatiwa shuleni, katika nyumba ya Mtakatifu Mariamu.

Tufikiri hali ya watoto wale. Huyu Myao, yule Mmakua, mwingine Mnyasa, hawakusikizana maneno. Wengine walichukuliwa wadogo mno, hata hawakuweza kutaja mji wa mama zao. Kiswahili, ambacho wengi wetu tumekinyonya pamoja na maziwa, kwao kilikuwa lugha ya ugenini. Kwanza walikitumia kuomba maji, kisha wakakisomea vitabu vilivyotoka katika chapa ya Misioni, na vingi katika hivyo vilikuwa kazi ya Askofu Steere.

Mwaka 1877 akaja Bibi Caroline Thackeray, akaiongoza shule hata mwaka 1902. Alipoiacha kazi hakurudi kwao Uingereza. Alikaa Unguja mpaka kufa kwake, 1926. Sifa zake ni kubwa, wala sizipunguzi. Lakini liko jambo lipaswalo kunenwa wazi, hata siku ya furaha. Wasichana waligawanywa. Walioonekana wepesi wa kusoma walifunzwa ualimu. Wengine wakaelekezwa kazi za mikono, kama kupika, kufua na kulima. Kazi si aibu. Ila mtoto aliyekwisha kupimwa kwa macho ya wanunuzi, akapimwa tena darasani, nadhani aliona uzito ambao sisi hatuujui.

Wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, na kwa njia hiyo shule ikavuka bahari. Lucy Magombeani wa Mbweni aliolewa na Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Misioni hiyo kupewa ukasisi. Wakakaa Chitangali, katika nchi za Ruvuma. Vitabu vyamtaja sana mume. Mke hupewa mstari mmoja, naye ndiye aliyeacha rafiki wote aliokuwa nao duniani.

Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882, lingali likisimama Mbweni. Shule ni magofu, kuta pasipo paa. Basi nawaomba wenzangu wa kamati, kabla kitabu hiki hakijatiwa chapani, wafungue daftari za ubatizo za zamani, wakaandike majina ya wasichana yasomekayo bado. Ukurasa mmoja utatosha kuanzia, na kama nafasi ni haba, hotuba yangu na ifupizwe.