Cheti Anacho, Ufunguo Je?

Mwaka 2000 Wajerumani wawili, Stefan Prehn na Jörg Wagner, walitengeneza filamu fupi ya vichekesho vyenye damu nyingi. Klaus ndiyo kwanza amepata cheti cha kuendesha foklifti. Anaanza kazi ghalani, na siku haijaisha wenzake kadhaa wameshakufa. Msimulizi ni Egon Hoegen, ambaye Wajerumani walimzoea katika kipindi cha televisheni cha usalama barabarani. Anayasimulia maafa hayo kwa upole wa mwalimu wa chekechea.

Ukiondoa damu ya rangi, makosa ya Klaus ni yaleyale ya maghala ya kweli. Na cheti anacho.

Tatizo ni kwamba foklifti ina usukani na breki, basi anayejua gari hudhani anaijua. Sivyo. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hufagia upande wa nje, na aliyesimama kati yake na ukuta hana pa kukimbilia. Ile ya kunyanyua tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, kwa sababu ya chuma kizito kilichowekwa nyuma kusawazisha mzigo wa mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo kitovu cha mizani hiyo. Kibao kikisema kilo 2,500, huwa kinataja pia umbali, aghalabu milimita 500 kutoka shina la uma hadi katikati ya mzigo. Mzigo ukijitokeza mbele zaidi, uwezo unashuka. Ukinyanyuliwa juu huku foklifti inakata kona, inaweza kulala ubavu.

Hapo ndipo mwili unapomdanganya opereta: anaruka. Paa la chuma lililowekwa kumkinga linamfuata na kumbana chini. Anayepona kwa kawaida ni aliyefunga mkanda, akashika usukani kwa nguvu na kuegemea upande wa pili. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilichambua vifo 1,021 vya foklifti vya mwaka 1980 hadi 1994: asilimia 22 vilitokana na kupinduka, na asilimia 20 walikuwa watembea kwa miguu waliogongwa.

Tangu 1999 kanuni za Marekani zinamtaka mwajiri ampime opereta upya kila baada ya miaka mitatu, na mapema zaidi akinusurika ajali. Tanzania nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayombana mwajiri kuhusu mafunzo. Mkaguzi akifika, huulizia cheti. Vema, lakini angeuliza pia ufunguo unabaki wapi opereta akienda kula, lori likiwa limepaki mlangoni na msimamizi anapiga kelele mzigo ushuke. Ukiachwa kwenye swichi, kuli yeyote atapanda.