Mshahara ulinilipa hata nilipolala

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: mwalimu wa mtaani kwetu, kijana wa mapokezi hapa redioni na dereva wa teksi. Wanataka kujua kama nilifanya vyema kuacha kazi. Nimeona afadhali niwajibu kwa pamoja, nawe usikie.

Nilikuwa mhariri wa zamu katika chumba cha habari. Kituo gani, hiyo si hoja. Zamu ilianza saa kumi alfajiri. Taarifa ya saa moja haimsubiri mtu, na kosa likishatoka hewani ni la mhariri. Usiku nako simu haikulala. Ikafika mahali simu ya jirani ikilia, moyo unaoruka ni wangu. Daktari alinipima presha, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu alitikisa kichwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki. Mimi za kwangu nilishaacha kuzihesabu.

Nikatoa notisi ya siku 28, kama inavyompasa anayelipwa kwa mwezi, nikaondoka. Sasa nimejiajiri. Natengeneza vipindi na matangazo ya biashara, nauza. Hata maongezi haya unayoyasikiliza ni bidhaa yangu.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mfalme. Niliamka saa mbili, presha ikashuka, nikawacheka niliowaacha. Mwezi wa nne malaria ikanilaza siku 12. Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ilinipasa niifanye kabla ya kuandika barua.

Sheria ile ile inampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Likizo ya mwaka ni siku 28, nayo ina malipo. Katika mfuko wa NSSF huchangwa asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Kilichobaki ni cha mwajiri. Miaka yote nilitazama tarakimu ya mwisho katika karatasi ya mshahara, nikalalamika kwamba ni ndogo. Kumbe nililipwa hata nilipolala.

Katika siku zile 12 sikuingiza hata senti. Wateja wawili walitafuta mtu mwingine. Siwalaumu, matangazo yao yalikuwa na tarehe. Ada ya mtoto ikalipwa na mama watoto, kwa fedha alizopokea zamu yake ya upatu ilipofika. Hakusema neno. Ule ukimya uliniuma kuliko ukali wa mhariri mkuu yeyote.

Nilipopona niligundua jambo la pili. Bosi niliyemkimbia alikuwa akirudi kwake jioni. Bosi mpya, yaani mimi mwenyewe, alikuwa hana kwake. Simu ilikuwa imeanza tena kulia usiku, ila sasa ni ya mteja, nami naipokea kwa unyenyekevu.

Basi nikajiwekea taratibu. Malipo yakiingia, kabla hayajaguswa, natoa fungu la ugonjwa, fungu la mapumziko na fungu la uzeeni, kwani NSSF hupokea pia michango ya waliojiajiri. Simu ya kazi huzimwa saa moja jioni. Bei nayo nimeipandisha, kwa sababu ile ya awali haikuhesabu siku za kuugua. Mteja mmoja alikimbia, wengine wamebaki.

Je, najuta? Hapana. Nalala usingizi wa kweli. Lakini mwalimu na kijana wa mapokezi wasiniige kabla hawajachukua karatasi na kalamu. Waandike mshahara wao, chini yake waandike siku za ugonjwa, likizo na mchango wa mwajiri. Jumla hiyo ndiyo wanayotaka kuiacha. Kama biashara inaweza kuilipa, au kuna akiba ya kuwavusha mpaka iweze, waandike barua. Kama sivyo, waombe kwanza ile likizo ya siku 28, wapumzike kweli. Huenda kinachowasumbua ni uchovu, na uchovu hauhitaji barua ya kuacha kazi.

Dereva wa teksi sikumwambia lolote kati ya haya. Yeye aliuliza kwa kushangaa, iweje mtu aache mshahara. Hajawahi kulipwa siku aliyolala, na hesabu hii anaijua kwa kichwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.