Mtumishi Aumiapo Kazini



Nimeombwa kuzungumza machache juu ya mtu aumiapo kazini, awe ni kuli wa Kilindini au hamali ashushaye shehena ya jahazi katika Bandari ya Kale. Desturi yetu watu wa kisiwani ni kustahi: mtu huvunjika mguu, tajiri huja na mkono wa pole, na kwa haya mgonjwa hanyanyui neno. Pole ni ya uungwana, na ipokewe. Lakini fidia ni haki, na hayo mawili si kitu kimoja.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yataka tajiri apewe habari, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi nasema iwe kwa maandishi, siku ile ile, na nakala ibaki nyumbani, kwani mnyapara aliyeiona kamba ya winchi ikikatika huenda kesho akahamishwa. Tajiri akiisha kupata habari, ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Na ikiwa mtu amekufa, wadai wale aliokuwa akiwalisha. Wengine hukimbilia mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua, Desemba 2019, kwamba sheria hii ni halali. Basi mlango wa kwanza ni kwa Mkurugenzi.

Daktari naye aambiwe wazi kwamba jeraha ni la kazini. Wala mtu asitie dole gumba katika karatasi asiyosomewa. Aliye nayo ya namna hiyo nyumbani, ailete kwa katibu tuisome pamoja.