Jembe la Shule Lisiwe Kiboko

Haya ni maneno yaliyotolewa katika mkutano wa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, wazazi na walimu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu.

Niliombwa niseme machache juu ya vilabu vya ukulima katika shule zetu za sekondari. Nitasema machache kweli, maana najua wengine wenu mmeacha ng'ombe bila maji.

Swali langu la kwanza ni hili. Mtoto akikosa shuleni, anapewa nini? Naam, mmesema wenyewe: jembe. Ang'oe kisiki, alime kile kipande nyuma ya choo, afyeke nyasi. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na lilikuwa jambo jema. Lakini mahali pengi jembe ndilo lililoshika nafasi ya kiboko. Nasi nyumbani tunaongeza yetu: "Usiposoma utalima!" Mtoto anasikia hivyo tangu akiwa mdogo mpaka anamaliza sekondari. Akikosa kazi ya ofisi tunamgeukia: "Kwani shamba si hili hapa? Mbona hulimi?" Miaka yote tumemfundisha kwamba kulima ni adhabu, halafu tunashangaa akikimbilia mjini.

Naamini klabu ya ukulima shuleni inaweza kuponya ugonjwa huu. Lakini kuna sharti. Kazi iwe ya wanafunzi, hesabu iwe ya wanafunzi, na faida ya mavuno waione kwa macho yao. Sharti hilo likikosekana, klabu inakuwa kibarua bila mshahara, na ni afadhali isiweko.

VILABU HIVI NI VIPI

Wazee wetu mnakumbuka 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Zilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini kwa kufuata mfano wa 4-H za Marekani, na zilikuwa hasa za watoto wa shule za msingi. Baadaye nyingi zililala, na mwaka 2021 serikali ilizifufua. Upande wa sekondari tumekuwa na vilabu vya wakulima vijana, ambavyo wengi tunaviita tu Young Farmers. Hao ndio wanafunzi mnaowakuta katika maonyesho ya kilimo ya ASK, wakiwa wamesimama kando ya vipande vyao vya mboga.

Tusichanganye klabu na somo. Somo la Kilimo lina mwalimu, kitabu na mtihani, na katika KCSE limekuwa na mradi wa shambani ambao mtahiniwa hupewa alama kwao. Ni vizuri. Lakini somo humalizikia kwenye mtihani, na huwa ni la wale waliolichagua. Klabu ni ya yeyote anayependa. Anayesoma Historia aingie. Aliye wa mwisho darasani aingie, kwa sababu miche ya sukuma wiki haimwulizi mtu alipata alama ngapi za Hesabu.

KAZI YA KLABU YENYE AFYA

Kwanza, inachagua viongozi wake: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kama sisi tu katika vikundi vyetu. Mwalimu mlezi anaongoza kando, hashiki fedha peke yake.

Pili, shamba linagawanywa. Wanafunzi watano au sita wapewe kipande chao chenye kibao cha majina yao. Kazi ya wote bila mwenyewe ni kazi ya hakuna. Kipande kikiota magugu, kila mtu ajue ni cha nani.

Tatu, inafuata kalenda ya mvua. Kwetu tunangoja mvua ndefu kuanzia Machi na mvua fupi kuanzia Oktoba. Basi miche ya mboga isiwekwe kitaluni mvua ikishanyesha. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki nne mpaka sita. Hesabu nyuma kutoka siku unayotazamia mvua, utajua siku ya kusia mbegu. Mwanafunzi aliyejifunza kuhesabu nyuma hivyo amepata elimu kubwa.

Nne, inatengeneza mboji badala ya kungojea pesa za mbolea. Mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi na jivu kidogo vinapangwa tabaka juu ya tabaka na kunyunyiziwa maji. Katikati mnachomeka fimbo ndefu. Mkiichomoa baada ya siku chache ikiwa na joto, mboji inafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji. Geuzeni kila baada ya wiki tatu hivi, na kwa muda wa miezi mitatu mtakuwa na mbolea nyeusi inayonuka kama udongo wa msituni.

Tano, mifugo midogo. Kuku akiatamia, mayai huanguliwa yapata siku ya 21. Sungura huzaa yapata siku ya 31 baada ya kupandishwa, kwa hiyo ifikapo siku ya 28 sanduku la kuzalia liwe ndani na nyasi kavu. Mwanafunzi asiyeandika tarehe atakuta vitoto vimekufa juu ya waya. Hapo hahitaji mwalimu wa kumgombeza. Ameona mwenyewe.

Na maonyesho? Ni mazuri, vijana wanasafiri, wanaona mapya. Lakini nimewahi kuona meza ya shule fulani yenye kabichi kubwa ajabu, na mwanafunzi aliyesimama pale hakuweza kuniambia zilipandwa mwezi gani. Afadhali kabichi ndogo yenye historia inayojulikana. Mgeni atauliza, na kijana atajibu bila kumtazama mwalimu usoni.

MALI BILA DAFTARI

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi wa vikundi mnajua zaidi yangu. Vikundi vingapi vimevunjika hapa kwetu kwa sababu ya ukame? Vichache. Vingapi vimevunjika kwa sababu ya pesa zisizoandikwa? Sitaki mnijibu.

Tuchukue mfano wa kufundishia, bei mbadilishe kulingana na soko lenu. Kipande cha mita 6 kwa mita 9. Mistari ikiachana sentimita 60 na miche sentimita 45, mnapata mistari 10 ya miche 20, yaani miche 200. Tuseme mbegu ni shilingi 150, samadi gunia tatu shilingi 600, na dawa ya wadudu shilingi 250. Jumla ni shilingi 1,000. Tuseme tena wanauza mafungu 40 kwa wiki, kila fungu shilingi 10, kwa wiki 10. Wamepata shilingi 4,000. Ondoa gharama, zimebaki 3,000.

Wengi huishia hapo wakapiga makofi. Mimi nasema bado. Waandike pia saa walizofanya kazi. Kama kulima, kumwagilia na kuchuma vimechukua saa 60 kwa jumla, basi kila saa imewalipa shilingi 50. Sasa kijana ana swali la maana: je, nikitumia mboji yangu, au nikipunguza kuteka maji kwa kuweka matandazo ya nyasi, hiyo 50 itapanda? Hapo ndipo ukulima unakuwa kazi ya akili. Na wiki ile mbuzi walipoingia kupitia ua uliobomoka, mauzo yakashuka, nayo iandikwe. Mwaka ujao watatengeneza ua kwanza.

Kisha zile 3,000 ziende wapi? Jambo hili liamuliwe kabla ya kupanda, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Sehemu ibaki kwa mbegu na vifaa. Sehemu imsaidie mwenzao aliyekwama kwa madaftari au sare. Sehemu waifurahie, hata kama ni safari ya kwenda kumwona mkulima mmoja hodari. Jikoni la shule likichukua mboga, lilipe, au liandike deni. Hakuna kinachovunja moyo wa kijana kama kumwagilia maji miezi miwili, halafu aone mboga zinapakiwa kwenye gari na yeye haulizwi.

LIKIZO NDIYO ADUI

Walimu watakubaliana nami. Miche inapandwa Machi, shule zinafungwa Aprili. Mboga za mvua fupi zinapandwa Oktoba au Novemba, shule zinafungwa tena. Vijana wanarudi na kukuta magugu yamewafikia kiunoni. Vilabu vingi vinafia hapo, wala si kwa uvivu.

Hapa ndipo kikundi cha kijiji kinapoingia. Kikundi kilicho karibu na shule kiandikiane na klabu: wakati wa likizo ninyi mtapalilia, mtamwagilia na kulisha sungura, na malipo yenu ni mavuno ya siku hizo, au sehemu yake. Mwandikiane kweli, na usimamizi wa shule uweke sahihi. Undugu bila maandishi umeleta kesi nyingi kwa chifu.

KONA YA MTOTO NYUMBANI

Na kijana huyo aliye likizoni, yuko wapi? Yuko kwako, mzazi. Amekuja na jambo jipya, na hana mahali pa kulijaribu.

Chukueni mfano wa tumbukiza, namna ile ya kupanda nepia mashimoni. Shimo lina upana wa futi 2 na kina cha futi 2. Linajazwa udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mbili za samadi, na kuachwa inchi kama 6 juu ili maji ya mvua yatulie. Kila shimo linapandwa vipande 5 mpaka 10. Kwa mwenye kipande kidogo cha shamba, na siku hizi ni nani aliye na kikubwa, hiyo ni njia ya kumlisha ng'ombe wa maziwa bila kununua nyasi kila siku. Kijana anamwambia baba yake. Baba anajibu, "Unataka kunifundisha kulima, wewe uliyezaliwa juzi?" Mazungumzo yamekwisha.

Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini nawaomba kona moja. Hatua kumi kwa hatua kumi, si lazima iwe karibu na mto. Mpe kijana wako, mvulana au msichana, msimu mmoja mzima. Usiingize mkono wako, na akivuna usimwambie, "Leta hizo pesa, chumvi imekwisha." Akishindwa, umepoteza hatua kumi. Akifaulu, umepata mtu wa kukaa naye chini na kuongea juu ya shamba. Wangapi kati yetu tunajua ni nani atakayeshika jembe letu tukizeeka? Wengi wetu hatujui, na tunaogopa kuuliza.

Nataka kusisitiza kuhusu wasichana. Mara nyingi msichana ndiye anayemwagilia na kupalilia, lakini kona anapewa kaka yake. Kazi ikiwa yake, jina lake liwe kwenye kibao.

MAMBO YA KUFANYA MKIRUDI

Sikuja kuwaomba harambee ya kununua trekta. Nawaomba haya yanayowezekana.

Mmoja wenu aliye hodari wa kuku, nyuki au miche ya miti aende shuleni siku moja kila muhula, awaonyeshe vijana kwa mikono. Mwalimu atafurahi, kwa kuwa hawezi kujua yote.

Kikundi kikihitaji miche, kinunue kwa klabu kwanza, kwa bei ya haki.

Waalikeni maofisa wa klabu katika mkutano wenu wa mwaka, wasome hesabu yao mbele yenu, nanyi msome yenu mbele yao. Mtaona ni nani atakayetoka jasho zaidi.

Na walimu, nawasihi kwa upole: tafuteni adhabu nyingine. Mkosaji apelekwe kokote mtakakoona panafaa, lakini asipelekwe katika shamba la klabu. Wanaoingia pale waingie kwa sababu wanataka. Jembe hilo hilo haliwezi kuwa kiboko asubuhi na urithi jioni.

Mwenyekiti, nakurudishia mkutano.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kwetu, watoto wanasikia maneno gani juu ya ukulima, nyumbani na shuleni? Nani anayasema?

2. Je, shule iliyo karibu nasi ina klabu ya ukulima? Mavuno yake hula nani, na fedha zake huandikwa wapi?

3. Wakati wa likizo ijayo, kikundi chetu kinaweza kuchukua kazi gani, na kwa mapatano gani?

4. Katika kikundi chetu, ni wazazi wangapi walio tayari kumpa kijana kona ya shamba msimu ujao? Waandikwe majina, na tuulizane baada ya mavuno.