Ufa Katika Mshono wa Vyuma Viwili

(Hotuba kwa wanachama wa Karagita, Naivasha)



Leo sikuja kusema juu ya nyongeza, lakini nitakayosema yanagusa mifuko yenu. Fundi anaitwa jioni: pampu ya maji imevunjika mguu, na alfajiri maua yanataka maji. Mguu ni wa kastaini. Anaambiwa auunge kwa kipande cha chuma laini, na rodi ni zile zile za kila siku. Anachomelea, mshono unapendeza. Asubuhi kuna ufa. Nyapara anasema, "Umeharibu mali, utakatwa mshahara."

Je, kosa ni la nani? Tuujue ufa kwanza.

Kastaini ina kaboni asilimia 2 hadi 4; chuma laini hakifiki hata asilimia 0.3. Vikiyeyuka pamoja na kupoa upesi, kando ya mshono panakuwa pagumu, pa kuvunjika kama kigae. Tena kila chuma kina kipimo chake cha kutanuka. Kwa joto la digrii 100, mita moja ya chuma laini huongezeka kama milimita 1.2, chuma kisichoshika kutu huongezeka kama milimita 1.7. Vikipoa huvutana, na palipo dhaifu hupasuka.

Msidhani ni umaskini wa vyombo vyetu. Mwaka 1958 Mjerumani Karl-Heinz Steigerwald alitengeneza mashine ya kuchomelea kwa mwale wa elektroni, ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Moto wake ni mwembamba na huzama sana. Lakini hata humo, aluminiamu na chuma vikiyeyushwa pamoja huzaa kitu kikavu kinachopasuka kama kioo. Mashine ya fedha nyingi haibadili tabia ya metali.

Basi tufanyeje? Kwa kastaini, dai rodi za nikeli. Choma vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, gonga kila kimoja kwa nyundo ndogo kingali na moto, ngoja kipoe ndipo uanze kingine. Ukimaliza, fukia kazi katika majivu makavu, ipoe polepole. Kuunga chuma laini na kisichoshika kutu, tumia rodi ya namba 309. Rodi zikae pakavu: unyevu huleta haidrojeni, nayo huweza kupasua chuma kigumu hata siku ya pili.

Sasa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kwa uharibifu wa makusudi. Fundi aliyenyimwa rodi na muda wa kupoza kazi, makusudi yake yako wapi? Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto, omba rodi inayofaa mbele ya shahidi. Ukinyimwa, andika siku, saa na neno uliloambiwa, kisha mpe mwakilishi wa chama karatasi hiyo. Bila karatasi tutabishana tu. Tukiwa nayo tutakutetea.

Umoja wetu udumu.